Kuchagua na Kutumia Kikamulio cha Ndimu

Kati ya vyombo vidogo vya jikoni, kikamulio cha ndimu ndicho kinachokutana na ukali mwingi zaidi. Kwenye kipimo cha pH, ambako maji safi yana 7, maji ya ndimu na ya limau huwa kati ya 2 na 3. Asidi ya sitriki iliyomo humo hufubaza madini, hubabua rangi na hula pini ya bawaba polepole. Ndiyo maana kikamulio kilichokuwa kinang'aa dukani kinaweza kuwa na mabaka meusi kabla mfungo wa Ramadhani haujaisha. Ukijua chombo chako kimetengenezwa kwa kitu gani, na ukawa na desturi ya kutoacha ndimu ikauke juu yake, kimoja tu kizuri kitakutumikia miaka mingi. Tutaanza na hayo, kisha tuje kwenye ukamuaji wenyewe, maana wapo wengi wenye kikamulio kizuri ambao wanakitumia kinyume.

Kabla ya kwenda dukani, fikiria unakamua nini zaidi. Ndimu zetu za pwani ni ndogo na za mviringo, zina ganda jembamba na kokwa nyingi. Limau ni kubwa kuliko ndimu na ganda lake ni nene. Chungwa, chenza, danzi na balungi yana ukubwa mwingine kabisa. Hakuna kikamulio cha mkono kinachoyamudu yote haya vizuri, na anayekuuzia kimoja akisema kinafaa kwa kila tunda anataka tu uondoke nacho.

Cha mikono miwili chenye bawaba ndicho ninachokipendekeza kwa nyumba inayotumia ndimu kila siku. Kina kikombe chenye matundu upande mmoja na kibonyezo upande wa pili. Unaweka nusu ya ndimu, unabana, maji yanashuka na kokwa zinabaki. Nguvu yake inatokana na urefu wa mikono. Ikiwa ndimu imekaa sentimita 4 kutoka kwenye bawaba, na kiganja chako kimeshika sentimita 20 kutoka hapohapo, nguvu yako inaifikia ndimu ikiwa imezidishwa mara 5. Kwa hiyo usinunue chenye mikono mifupi kwa sababu kinaingia vizuri kwenye droo. Kwa bibi mwenye baridi yabisi ya vidole, au mtu yeyote ambaye ngumi yake haifungi vizuri, urefu huo wa mikono ndio unaoamua kama atakamua mwenyewe au atasubiri mjukuu arudi kutoka shule.

Cha kuzungusha ni kile chenye kichwa kilichochongoka na chenye migongo, ambacho unakiingiza kwenye nyama ya tunda na kuzungusha mkono. Kipo kinachosimama katikati ya kisahani chenye mdomo wa kumiminia, na kipo cha kushika mkononi, mara nyingi cha mbao. Hiki ndicho cha machungwa na mabalungi. Chungwa zima la Muheza halikai kwenye kikombe cha kikamulio cha ndimu, na ukililazimisha, ganda hupasuka, mafuta yake machungu huingia kwenye juisi, na mikono ya chombo hupinda.

Kimetengenezwa kwa kitu gani?

Alumini ndiyo utakayoikuta kwa wingi, iwe Kariakoo, Darajani au Kongowea. Ni nyepesi, ni rahisi kumiminwa kwenye kalibu, na bei yake inavumilika. Inalindwa na utando mwembamba sana unaojitengeneza wenyewe alumini inapokutana na hewa. Utando huo unatulia katika pH ya kuanzia takriban 4 hadi 8.5. Ndimu iko chini ya hapo, kwa hiyo inauyeyusha. Jivu, magadi na unga wa mashine za kuoshea vyombo viko juu ya hapo, navyo vinauyeyusha. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai wanaoweka kikamulio cha alumini ndani ya mashine ya kuoshea vyombo hukitoa kikiwa cha kijivu na kinachochafua vidole. Na hapa kwetu anayekisugua kwa jivu ili king'ae anaondoa ulinzi uleule kwa njia nyingine.

Je, alumini ni sumu? Swali hili linastahili jibu la utulivu. Mwaka 2008 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 1 ya alumini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki. Ndimu inapita kwenye kikamulio kwa sekunde chache tu, na kwa muda mfupi namna hiyo kinachoyeyuka ni kidogo mno. Hali hubadilika mabaki yakilala humo usiku kucha, au maji ya ndimu yakiachwa kwenye bakuli la alumini mpaka kesho. Kinachokusumbua hapo ni ule muda.

Jambo la kuhofia zaidi ni alumini isiyojulikana asili yake. Vyombo vingi hapa kwetu vinamiminwa kwa vyuma chakavu: vipande vya injini, makopo, fremu za madirisha. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa vyombo 42 vya kupikia vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwamo. Vyombo hivyo vilichemshiwa asidi hafifu kwa saa 2, na 15 kati yake vilitoa risasi ya mikrogramu 1 au zaidi kwa kipimo cha mililita 250. Hizo zilikuwa sufuria, na kuchemsha kwa saa 2 si sawa na kubana ndimu mara moja. Hata hivyo mimi, kwa chombo ambacho kazi yake yote ni asidi, sinunui alumini chakavu iliyomiminwa mtaani wakati ipo njia nyingine. Risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Alumini iliyopakwa rangi inajaribu kutatua tatizo hili kwa kuizuia ndimu isiguse madini. Ndivyo vilivyo vile vikamulio vya kijani kwa ndimu, vya manjano kwa limau na vya rangi ya chungwa kwa machungwa, ambavyo ni vya kawaida sana katika majiko ya Meksiko. Rangi ikiwa nzito na imeokwa vizuri, inafaa. Tatizo linaanzia pale kibonyezo kinapogusana na kikombe, kwa sababu hapo madini husuguana kila unapobana. Kabla ya kulipa, kifungue na kukifunga mara kadhaa mbele ya muuzaji, kisha pitisha kidole ukingoni mwa kikombe na kuzunguka matundu. Ukihisi magamba, kirudishe. Kikianza kumeguka baada ya kukaa nyumbani, acha kukitumia, kwa sababu vile vipande vinaishia kwenye kachumbari.

Chuma cha pua kisichoshika kutu ndicho chaguo langu la kwanza. Siri yake ni kromiamu. Chuma kikiwa na angalau asilimia 10.5 ya kromiamu hujifunika utando ambao ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe, mradi upate hewa. Alama ya 18/8 maana yake ni asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli, na hicho ndicho cha kutafuta. Asidi ya ndimu hakiiogopi. Kinachokisumbua ni chumvi, na jikoni kwetu ndimu na chumvi haziachani. Ukikamua ndimu kwenye bakuli lenye chumvi na pilipili, kisha chombo kikakaa na ule mchanganyiko, utaona vidoa vidogo vya kahawia kama vitundu vya sindano. Kioshe mapema na havitatokea.

Sumaku inasaidia kukichunguza, lakini si ushahidi kamili. Chuma cha 18/8 hakivutwi na sumaku, au huvutwa kidogo sana. Shida ni kwamba chuma hafifu chenye manganizi nyingi nacho hakivutwi, ilhali kuna chuma kizuri kisicho na nikeli ambacho kinavutwa sana. Tazama badala yake bawaba na pini. Watengenezaji wasio waangalifu hutumia chuma kizuri kwenye kikombe na kubana akiba kwenye pini, ambayo ni ya chuma cha kawaida. Kwenye hewa ya chumvi ya Tanga au Lamu, pini hiyo hushika kutu mapema, na kikamulio kizima kinaachana kwa ajili ya kipande kisichozidi ukubwa wa msumari.

Kuna kundi jingine linalowachanganya wanunuzi: vikamulio vizito vinavyong'aa kama kioo, ambavyo ndani ni aloi ya zinki na nje vimepakwa kromiamu. Uzito unampa mtu imani. Maadamu ule upako ni mzima, hakuna neno. Ukibanduka, zinki inakutana na asidi moja kwa moja na inayeyuka. Kanuni za chakula za Marekani zinakataza madini yaliyopakwa zinki kugusana na chakula chenye asidi, na zinakataza shaba tupu kugusana na chakula chenye pH ya chini ya 6. Kwa hiyo hata kile kikamulio cha shaba cha kizamani kinachopendeza kwenye kabati, kiache kibaki kabatini. Kwa mapambo ya aina hiyo, mfano maarufu kuliko yote ni Juicy Salif ya Mfaransa Philippe Starck, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Alessi ya Italia mwaka 1990: alumini ya miguu mitatu mirefu, kichwa kimechongoka juu, gilasi inakaa chini. Kwa miaka 10 yake lilitolewa toleo lililopakwa dhahabu, ambalo halikufaa kukamulia, kwa sababu asidi ya limau huiharibu dhahabu ile.

Plastiki isidharauliwe. Plastiki nzuri haishiki kutu, haitoi ladha na mtoto akiidondosha haivunjiki. Igeuze utafute pembetatu yenye namba. Namba 5 ni polipropilini, nayo inafaa. Namba 6 ni polistireni, ile plastiki angavu na kavu inayolia ukiigonga kwa ukucha. Hiyo iepuke, kwa sababu ganda la ndimu na la chungwa lina mafuta yaitwayo limoneni, na limoneni huyeyusha polistireni. Kikamulio cha namna hiyo hufifia, huwa na nyufa nyembamba, kisha hukatika. Ukitaka kuiona nguvu ya mafuta hayo, bana ganda la chungwa karibu na puto la mtoto lililojazwa hewa. Tone likiligusa, puto hupasuka. Udhaifu mwingine wa plastiki ni nguvu. Mikono yake hujikunja kabla ndimu haijabanika vizuri, hivyo inafaa zaidi kwenye cha kuzungusha kuliko cha kubana.

Mbao ina raha yake. Kichwa cha mbao kinashika nyama ya tunda vizuri, hakipigi kelele, na fundi wa kukereza anaweza kukutengenezea kimoja kwa kipande kilichobaki. Mwambie atumie mbao ngumu yenye nyuzi zilizoshikana, ile ambayo watu wanaiamini kwa miiko na vinu, na asipake vanishi. Baada ya kukiosha kiache kikauke kabisa, na mara mojamoja kipake mafuta ya nazi kidogo. Usikiloweke kwenye beseni. Mbao hunywa maji, huvimba, na ikikauka hupasuka.

Kioo ndicho kinachoishinda asidi kabisa. Hakuna kinachoyeyuka, hakuna harufu inayobaki, na unaona kama kimesafishika. Mwaka 1916 wakulima wa machungwa wa California, chini ya jina la Sunkist, walianza kampeni ya kuwafundisha Wamarekani kunywa chungwa badala ya kulila tu, na waliwauzia vikamulio vya kioo kwa senti 10. Umbo lile la kisahani chenye kichwa cha migongo halijabadilika sana hadi leo. Kwa juisi ya machungwa ya futari, kioo kizito ndicho ningekupa. Vya udongo uliong'arishwa navyo ni vizuri vikitoka kiwandani panapoaminika, ila vile vya kale au vya mapambo vyenye rangi kali visikamulie kitu, kwa kuwa baadhi ya ving'arisho hivyo vilichanganywa na risasi, na asidi huitoa.

Namna ya kukamua

Anza na ndimu yenyewe. Chagua iliyo nzito kuliko inavyoonekana, yenye ganda laini na jembamba. Watu huikimbilia ya kijani kibichi, lakini ndimu iliyoanza kuwa ya manjano huwa na maji mengi, ingawa ukali wake umepungua kidogo. Ikiwa imetoka kwenye friji, iache nje ipoteze ubaridi au iloweke kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika chache. Kisha iviringishe mezani kwa kiganja, ukiikandamiza mpaka uisikie inalegea. Vile vifuko vya maji vilivyo ndani hupasuka, na kazi ya kikamulio inakuwa nusu.

Ikate kiunoni, katikati ya kikonyo na kitovu. Ukiikata kwa urefu, kuanzia kikonyo hadi kitovu, baadhi ya vyumba vyake vinabaki vimefungwa na utando, na maji yake hayatoki hata ukibana mpaka mkono utetemeke. Kukata kwa urefu kunafaa kwa vipande vya kukamulia samaki mezani, ambapo unakata pembeni ukikwepa kile kiini cheupe cha katikati.

Sasa jambo ambalo wengi wanalikosea. Kwenye kikamulio cha kubana, upande uliokatwa unaangalia chini kwenye matundu, na mgongo wa ganda unaangalia juu kwenye kibonyezo. Macho yanataka kufanya kinyume, kwa sababu nusu ya ndimu inakaa vizuri ndani ya kikombe ganda likiwa chini. Ukiiweka hivyo, ganda linaziba matundu na maji yanaruka pembeni, mengine yanakuingia machoni. Ukiiweka sawasawa, kibonyezo kinalisukuma ganda kutoka juu na kuigeuza ndimu ndani nje; maji yana njia moja tu, nayo ni matundu. Utajua umefanya vizuri ganda likitoka limebinuka kama kofia iliyogeuzwa.

Bana polepole. Ukibana kwa ghafla, maji yanatafuta upenyo popote. Ukifika mwisho, legeza, geuza ganda nusu mzunguko, bana tena; utapata matone mengine, na hapo basi. Usiweke nusu mbili kwa pamoja ili umalize haraka, kwa kuwa hivyo ndivyo mikono inavyopinda na pini inavyolegea. Kama una limau lenye ganda gumu, kata kipande kidogo cha ncha kabla ya kulibana. Na shusha kikamulio karibu na bakuli, mbali na kikaango. Maji ya ndimu yakidondoka kwenye mafuta ya moto huyarusha, na yatakayokupata mkononi ni mafuta.

Kwenye cha kuzungusha, shikilia tunda bila kulikandamiza sana na uzungushe huku na huku mpaka nyama iishe. Ukianza kugusa ile ngozi nyeupe, acha. Uchungu wa balungi unatokana kwa sehemu na naringini, ambayo imo kwa wingi kwenye ile nyeupe na kwenye tando. Machungwa nayo yana uchungu wa kuchelewa. Juisi unaionja ni tamu, unaiweka kwenye friji, baada ya saa kadhaa imekuwa chungu. Ni limonini, inayojiunda taratibu ndani ya juisi kutokana na asidi, hasa kama tunda lilikamuliwa kwa nguvu kupita kiasi. Kwa juisi ya wageni, basi, kamua kwa mkono mwepesi na ukamue karibu na wakati wa kunywa.

Si kila kazi inahitaji kikamulio. Mahindi ya kuchoma yanataka nusu ya ndimu iliyochovywa kwenye chumvi na pilipili, isuguliwe moja kwa moja. Mihogo ya kukaanga na mishkaki vinataka vidole. Kikamulio kinastahili kutolewa pale unapokamua ndimu kuanzia tano kwenda juu, au unapotaka kupima: kwa kuroweka samaki, kwa sharubati, kwa urojo wa watu wengi. Ukiwa ugenini na huna chombo, ingiza uma katikati ya nusu ya ndimu na uuzungushe huku ukibana ganda kwa mkono mwingine. Au ibane kati ya mikono ya koleo la jikoni, karibu na pale inapoungana.

Kwenye mchuzi wa nazi, kamua ndimu mwisho, chungu kikiwa kimeshuka motoni. Ukiikamulia kwenye tui linalochemka, tui hukatika. Kwenye kachumbari, osha kitunguu kwa chumvi kwanza, suuza, changanya na nyanya na pilipili, kisha ndimu mezani.

Tahadhari ya jua

Hili naliandika kwa msisitizo, kwa sababu wengi hawajaambiwa. Maji ya ndimu na mafuta ya ganda lake yana kemikali ziitwazo furanokumarini. Zikibaki kwenye ngozi na ngozi hiyo ikapigwa na jua, huiunguza. Haina uhusiano na mzio. Inaweza kumpata mtu yeyote. Na haionekani palepale. Siku ya kwanza hadi ya tatu ngozi inawasha na kuwa nyekundu, wakati mwingine inatoa malengelenge, kisha yanabaki mabaka meusi yanayoweza kukaa wiki nyingi au miezi. Kwa sababu ya kuchelewa huko, mtu hakumbuki ndimu. Anadhani ameumwa na mdudu au amemwagikiwa na kitu.

Walio hatarini ni wale wanaokamua juani: muuza sharubati, mchoma mahindi, mama anayetengeneza achari uani na ndoo nzima ya ndimu. Mkono wa mzazi uliolowa ndimu unaweza kuacha alama hata kwenye mgongo wa mtoto aliyebebwa, mtoto akiwa juani. Kikamulio cha kubana kinasaidia kwa kuwa vidole haviingii kwenye maji, lakini pia kinaminya mafuta ya ganda kuliko cha kuzungusha, na mafuta hayo yanarukia mikononi. Kamua kivulini. Ukimaliza, osha mikono kwa sabuni hadi kwenye vifundo, kabla ya kutoka kwenda kuanika nguo. Maji matupu hayatoshi kuondoa mafuta. Yakitokea malengelenge makubwa, nenda kituo cha afya na umwambie daktari kwamba ulikuwa ukikamua ndimu.

Kuosha, kukausha na kuhifadhi

Kikamulio kinatakiwa kuoshwa papo hapo, kabla hujakaa kula. Kifungue, toa ganda, kipitishe kwenye maji yanayotiririka ukiyaelekeza kutokea nje ya matundu kwenda ndani, ili nyama zilizonasa zisukumwe kule zilikotoka. Zikikauka ndani ya matundu utahitaji kijiti kwa kila kimoja. Sabuni na sponji au dodoki vinatosha kwa mengine. Stilwaya iweke mbali: kwenye alumini inaondoa utando, kwenye rangi inakwaruza, na kwenye chuma cha pua inaacha chembe za chuma cha kawaida ambazo zitashika kutu na kukufanya udhani chombo ni feki. Mswaki wa zamani ndio chombo cha bawaba. Huko ndiko sukari ya machungwa hujificha, na sisimizi hupajua kabla yako.

Kikaushe kikiwa wazi, mikono imeachana, kimeninginizwa kama kina tundu. Kikamulio kilichofungwa kikiwa na maji kinabaki na unyevu kwenye bawaba usiku mzima. Bawaba ikianza kulia, tia tone moja la mafuta ya kula, fungua na kufunga, pangusa. Na pini ikikatika usikitupe. Fundi anaweza kuweka boliti fupi ya chuma kisichoshika kutu pamoja na nati yake, na kikamulio kikawa na nguvu kuliko kilivyotoka dukani.

Ndimu zikiwa nyingi na za bei nafuu, kamua zote siku moja. Mimina kwenye trei ya plastiki ya barafu na ugandishe, kisha hamishia vipande kwenye mfuko uliofungwa. Pima kwanza kijiko kimoja cha chakula, ambacho ni mililita 15, kwenye kila chumba cha trei, ili baadaye ujue kipande kimoja ni sawa na kiasi gani unapotia kwenye chai au mchuzi. Yale ya kutumia ndani ya siku chache yaweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha plastiki, ijae hadi karibu na shingo, kwa kuwa hewa ndiyo inayopunguza vitamini C na kubadilisha ladha. Kifuniko cha bati kitashika kutu, na kutu hiyo itadondokea ndani.

Maganda yaliyobaki yana kazi. Lile ambalo bado lina unyevu lisugue kwenye ubao uliokatia samaki na kwenye kisu chake, liache dakika chache, kisha suuza. Likichovywa kwenye chumvi linang'arisha sinia la shaba na birika la shaba nyeupe. Hapo asidi ileile inayoharibu kikamulio inaondoa weusi unaoutaka uondoke. Suuza sinia mara moja kwa maji ya sabuni na ulikaushe kwa kitambaa, kwani shaba iliyoachwa na ndimu hugeuka kijani.